Kanzu ya Kuombea Nyumba

Nyinyi mnaotafuta pa kuishi hapa Mjini, na pesa zenu huja siku zinazotaka zenyewe, njooni mkae. Msinipigie simu. Nshastaafu udalali. Kustaafu kwangu hakukuwa na sherehe: simu iliniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya nguo, nikaitazama inazama, nikasema alhamdulillahi, kazi imekwisha.

Nimekuwa dalali wa nyumba miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Na kichekesho, ambacho mke wangu Saada hachoki kuwasimulia wageni, ni kwamba mimi niliyewahamisha watu nusu ya Mji Mkongwe sijahama hata siku moja. Nilizaliwa Kiponda, nikasoma mpaka kidato cha nne nikirudi Kiponda kula mchana, na nilipooa nikamleta mke Kiponda. Sipendi kutoka. Ofisi yangu ilikuwa baraza ya mlangoni kwetu, hatua nne kutoka kwenye birika la chai. Mteja akiulizia nyumba ya karibu, nilimwambia ana bahati, ipo. Akiulizia ya Mbweni, nilimwambia Mbweni kuna mbu.

“Wewe dalali gani?” Saada alikuwa akinambia. “Mtu anataka nyumba, wewe unamchagulia ile usiyotoka jasho kwenda kuionesha.”

Kwa uvivu huo, wateja wenye mishahara walikwenda kwa madalali wenye pikipiki. Mimi nikabaki na wale ambao wenzangu hawakuwataka: wapishi wa hoteli wanaorudishwa nyumbani kila masika, mafundi wa siku moja moja, waongoza wageni, wapiga ngoma. Watu wazuri, wachangamfu, na kila mmoja ana duka asilopita mbele yake.

Mnajua wenye nyumba wanataka nini. Kodi ya miezi sita mbele. Barua ya sheha wa ulikotoka, aseme anakujua na hukumkera mtu. Na jina safi. Hilo la tatu ndilo linalowaliza wengi. Nasikia nchi za watu kuna mashine zinazoweka kumbukumbu za madeni ya kila mtu. Sisi hatuna haja nazo, tuna mabaraza. Ukikopa kopo la maziwa Mkunazini baada ya adhuhuri, alasiri Malindi wanajua, na wanajua pia kwamba ulisema utalipa Ijumaa.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Mbarouk, dalali wa zamani mwenye sauti nyembamba na tumbo nene. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza: “Mteja usimuoneshe sebule. Muoneshe choo. Akikistahamilia choo, sebule ataipenda mwenyewe.” Hili nililishika, na nyinyi lishikeni. Ukienda kutazama nyumba, anzia chooni, kisha fungua bomba, kisha tazama juu kwenye boriti kama kuna madoa ya maji. Nenda siku ya mvua. Waulize majirani, na uwaulize mwenye nyumba akiwa hayupo.

La pili alilonifundisha: “Usimsemee mpangaji uongo. Yeye atahama, wewe utabaki na hao wenye nyumba.” Hili nililiona ni la kizee. Badala yake nikabuni kanzu.

Kanzu yenyewe ilikuwa yangu ya harusi. Nyeupe, ya kitambaa kizuri, ina darizi ya rangi ya zafarani shingoni, nami nilikuwa siivai tena tangu tumbo langu lilipoanza kuishi maisha yake peke yake. Nikaona, mbona wateja wangu wanakataliwa kabla hawajafungua mdomo? Ni kwa sababu wanakwenda kuomba nyumba na fulana zilizochanika kwapani. Basi kila mwenye jina baya nilimvisha kanzu ile na kofia, nikamfukiza udi kidogo, nikamwambia, “Ukiulizwa kazi, sema mfanyabiashara. Usiongeze neno.”

Ilikuwa na kasoro moja tu. Nyuma ya bega la kulia kulikuwa na alama ya pasi, ya rangi ya kahawia, umbo la sikio la mbuzi. Niliiunguza mwenyewe nikisikiliza mpira redioni. Kwa hiyo kila mvaaji nilimuusia, “Mwenye nyumba mtazame usoni. Usimpe mgongo. Ukiondoka, ondoka kinyumenyume kama unayemheshimu.” Na wenye nyumba wakapenda sana heshima hiyo.

Nisijisifu sana. Kanzu ilinipatia wateja nyumba, na ikanipatia lawama. Mama mmoja wa Matemwe hakuihitaji kanzu, yeye nilimsaidia kwa mdomo tu: nikamwambia mwenye nyumba hana mzigo. Akahamia na magunia sita ya mwani mbichi. Mtaa mzima ukanuka bahari kwa wiki mbili, na mimi sikutoka barazani, yaani nilitoka barazani nikaingia ndani.

Vijana madalali wa leo hawana haja ya kanzu. Wana simu. Wanapiga picha chumba mtu akiwa amejibana kwenye pembe, magoti kidevuni, na chumba kinatoka kipana kama ukumbi wa harusi. Ukifika unakuta ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Na siku hizi mwenye nyumba akishaona jirani yake anakodisha kwa wageni wa siku tatu tatu, naye anataka dola. Lakini bado wapo wanaotaka mtu wa kusema naye ngazini. Hao ndio wenu. Watafuteni wenye nyumba wanaoishi juu ya nyumba hiyo hiyo. Wanaona mengi, kweli, lakini mtu anayekuona kila siku unaweza kusema naye.

Sasa niwaeleze habari ya Haji, maana yeye ndiye aliyenifanya niyajue hayo.

Alikuja asubuhi moja ya masika, karowa mpaka nywele za mikononi zimelala. Kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, meno mengi.

“Shikamoo, Mzee Khamis.”

“Marahaba. Umefukuzwa?”

“Umejuaje?”

“Mtu haji kwangu katika mvua hii kuniamkia tu. Mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Madeni?”

“Yapo, mzee. Lakini nalipa. Nachelewa tu.”

“Kazi?”

“Kima.”

Nikaweka kikombe chini. “Kima wanakulipa?”

“Wageni wanaokuja kuwatazama ndio wanaonilipa. Niko Jozani, nawaonesha kima punju. Msimu ukifika, mzee, natembea nimenyooka. Masika kama haya wageni wako kwao, nabaki mimi na kima. Na kima hawana tabia ya kutoa bakhshishi.”

Nilicheka, yeye hakucheka. Akanieleza. Mkewe, Mwanaisha, alikuwa na mimba ya miezi saba, na tangu walipotolewa nyumba ya pili alikuwa kwao, Chwaka. Haji alikuwa akilala kwa rafiki, juu ya mkeka, miguu ikitokea mlangoni. Alipokwenda kumchukua mkewe, baba mkwe alimpokea vizuri, akamlisha samaki, kisha akamwambia: “Mwanangu hatoki hapa kwenda kuhesabu mbao za dari ya watu. Niletee ufunguo. Siku utakayoniwekea ufunguo wa mlango wako mkononi, utamchukua mkeo. Bila ya huo, njoo kutusalimia tu.”

“Na mtoto je?” nikamuuliza.

“Kasema mtoto naye nitakuja kumsalimia.”

Hapo akajidai anakamua shati. Nikainuka nikaenda kwenye kasha la kanzu.

Nyumba niliyomfikiria ilikuwa ya Bi Zuhura, mwisho wa uchochoro wetu. Ndiyo, karibu. Saada aliguna tu. Bi Zuhura alikuwa mjane aliyeishi peke yake ghorofani, na chini kulikuwa na chumba, jiko na choo, vitupu kwa muda. Magoti yalikuwa yakimuuma, hivyo hakushuka. Alikuwa na kapu la ukili na kamba, akilishusha dirishani kama wafanyavyo mabibi wengi wa ghorofani: mkate hupanda, samaki hupanda, na umbea hupanda bila hata ya kapu.

Ilikuwa mara ya nne kumpelekea mpangaji. Wa kwanza, mpiga ngoma, alimkataa. Wa pili, fundi, alimkubali. Wa tatu alimwambia chumba kimeshapata mtu, na miezi miwili baadaye bado kilikuwa kitupu. Sikuelewa. Nikadhani bibi amezeeka, anasahau.

Mvua ilikuwa imepungua. Tukasimama uchochoroni chini ya dirisha lake, mimi na mwavuli, Haji na kanzu yangu juu ya nguo zake zilizorowa. Upande wa pili alikuwepo Seif mwenye duka, kakaa juu ya gunia la mchele. Haji alipomuona akainamisha kofia mpaka puani. Sikuuliza.

“Hodi kwa Bi Zuhura!”

“Naam! Nani?”

“Mimi Khamis. Nimekuletea mpangaji, mtu mstaarabu sana.”

Dirisha likafunguka, akatokeza uso na miwani.

“Shikamoo, bibi,” Haji akaamkia, kamtazama usoni kama nilivyomfunza.

“Marahaba. Unafanya kazi gani, mwanangu?”

“Mfanyabiashara, bibi.”

“Wa nini?”

Hapo sikuwa nimemfundisha. Haji akanitazama. Mimi nikautazama mwavuli.

“Wa... wanyama.”

“Ng'ombe?”

“Wadogo kuliko ng'ombe.”

“Mbuzi?”

“Wanapanda miti, bibi.”

Seif akakohoa. Bi Zuhura akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Kisha akasema kwa upole kabisa:

“Khamis.”

“Naam, Bi Zuhura.”

“Kanzu hii mimi naijua. Imekuja hapa mara nne, kila mara ina kichwa kipya. Mara ya kwanza ilikuwa inapiga ngoma. Mara ya pili ilikuwa fundi, ikaondoka na bomba langu la jikoni. Mara ya tatu sikuiuliza. Leo inauza wanyama wa kupanda miti. Wewe unanionaje?”

Wajukuu zangu, mwaka mzima nilikuwa nikiwaambia watu wasimpe mwenye nyumba mgongo. Ilikuwa haijanipitikia akilini kwamba mtu akiwa ghorofani, anaona bega lako la nyuma hata ukimkodolea macho mpaka yakutoke. Sikio la mbuzi lilikuwa likimtazama bibi yule kila mara nilipokuja. Hii ndiyo hasara ya kukaa barazani maisha yako yote: unadhani watu wote wako usawa wako.

“Hii inafanana na ile, Bi Zuhura,” nikasema. “Mafundi cherehani wa siku hizi kushona kwao kumoja.”

“Na pasi zao pia moja?”

Seif akaanguka kwa kicheko, akashikilia mzani. Mimi nilikuwa tayari kufunga mwavuli na kurudi kwenye chai yangu. Lakini Haji hakusogea. Akaivua kanzu pale pale uchochoroni. Chini yake alikuwa na fulana ya kazini yenye picha ya kima mkubwa, na suruali iliyokunjwa mpaka magotini.

“Bibi,” akasema, “mimi ni Haji. Nawaonesha wageni kima Jozani. Nimetolewa nyumba mbili. Ya kwanza kwa sababu sikulipa masika. Ya pili pia. Miezi sita mbele sina, na nikisema n'nayo nitakuwa mwongo wa nne. Mke wangu yuko kwao na mimba, na baba yake hanipi mpaka nimpelekee ufunguo. Hayo ndiyo yangu.”

Bi Zuhura akamtazama muda mrefu. Kima wa kwenye fulana naye akamtazama Bi Zuhura.

“Nani anakujua hapa?”

Haji akavua kofia. Akanyoosha kidole polepole kuelekea dukani.

“Bwana Seif,” akasema. “Lakini bibi, ananidai.”

Jamani, hapa nataka msikilize. Miaka yote ile mimi nilikuwa nikiwaficha wateja wangu na watu wanaowadai. Tulikuwa tukizunguka nyuma ya msikiti ili tusipite dukani. Sikuwahi kufikiri kumuuliza mwenye duka chochote.

“Seif!” Bi Zuhura akaita. “Mtu huyu analipa?”

Seif akainuka kwenye gunia, akajipangusa. “Masika halipi hata ukimning'iniza. Msimu ukianza, siku ya kwanza anayopata wageni, anakuja mwenyewe kabla sijamtuma mtu. Kila mwaka. Mpe, Bi Zuhura.”

“Kwa nini nimpe?”

“Nimuone! Akihamia Chwaka mimi n'tamfuata kwa miguu? Akikaa hapa, akifungua mlango tu uso kwa uso na mimi. Mimi nataka awe jirani kuliko anavyotaka yeye.”

Bi Zuhura akacheka, cheko fupi, la mtu aliyekuwa hajacheka tangu bomba lake liondoke. Akamuuliza Haji miezi ipi inamla. Haji akasema mitatu: wa nne, wa tano, na wa sita unapoanza. Bibi akahesabu kwa vidole dirishani. Akasema basi miezi ile mingine utaongeza kidogo juu ya kodi, na hiyo mitatu hulipi, lakini nisikuone unanikwepa, na kapu langu kila asubuhi utalijaza wewe, na maji ya kunywa utanipandishia. Haji alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla bibi hajamaliza sentensi.

Nikaandika mkataba kwenye karatasi ya daftari la Seif, kwa hati yangu ya kidato cha nne. Kapu likashuka, karatasi ikapanda, ikatiwa sahihi, ikashuka. Nikaona ndipo pa kutaja haki yangu.

“Na udalali, Bi Zuhura? Desturi ni kodi ya mwezi mmoja.”

“Udalali wako ni bomba langu la jikoni, Khamis. Tushalipana.”

“Sawasawa,” nikasema.

“Na kanzu itie kapuni.”

“Kanzu?”

“Itabaki kwangu. Isije ikaniletea kichwa cha tano.”

Ikapanda kanzu yangu ya harusi, mkono mmoja ukining'inia nje ya kapu kama unaniaga.  Halafu kapu likashuka tena, jepesi, likizunguka kwenye kamba, na ndani yake umo ufunguo wa chuma, mrefu kama kiganja, wa mlango wa zamani. Haji akaushika kwa mikono miwili. 

Baba mkwe hakuuamini ufunguo. Alikuja nao mwenyewe kutoka Chwaka, bintiye nyuma yake, akautia mlangoni akafungua. Akafunga. Akafungua tena. Akafunga. Mara ya tatu alipofungua akasogea pembeni, akamwambia Mwanaisha, “Haya, ingia.” Mimi nilikuwa nikitazama kutoka barazani kwangu. Kutoka hapo nilikuwa naona kila kitu, sikuwa na haja ya kusogea.

Toka siku ile sikumvisha mtu nguo yangu. Mteja akija na jina baya, nilimuuliza kwanza: nani anakudai, na umewahi kumlipa? Kisha tulikwenda kwa huyo huyo, tukamwomba aje aseme. Wengine walikataa, wengine walitutukana. Lakini waliokuja walisema maneno ambayo barua ya sheha haiwezi kuyasema. Basi nanyi fanyeni hivyo. Semeni miezi yenu mibaya ni ipi kabla haijafika. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari. Na dalali akikwambia mpe chake kabla hujashika ufunguo, mcheke, hata akiwa mimi.

Mtoto wa Haji alizaliwa mvua zimekatika, wa kike, na baada ya arubaini Saada akanitoa kwa nguvu twende kumtazama. Ni hatua kama mia, nilipumzika mara moja tu dukani kwa Seif. Tukamkuta Bi Zuhura ameshuka ngazi, magoti na yote, kampakata mtoto. Nikainama kumuona. Nikaona winda aliyofungwa ni ya kitambaa kizuri cheupe, na makalioni pana alama ya kahawia, umbo la sikio la mbuzi.

“Usinitolee macho,” Bi Zuhura akanambia, akimgeuza mtoto ili nimuone vizuri. “Ndiyo hiyo hiyo. Mara ya tano hii, Khamis, na kichwa kipya. Lakini huyu nimemkubali bila ya barua ya sheha.”